Makochi ya Kuazima

Sehemu ya tisa

Mliobaki roho juu tangu wiki iliyopita, Gwantwa bado amesimama pale pale. Ni mbele ya ofisi ya kijiji cha Hanzovu, mwendo mfupi tu kutoka Mlowo, jua la saa nane limemkaa utosini na kijiji kizima kinamkodolea macho. Mwezeshaji Idrisa, kijana aliyetumwa kutoka wilayani kuhakiki orodha ya kaya maskini, amelisoma jina lake na kuongeza neno moja. Hastahili.

Ndipo mkono uliponyooka kutoka nyuma.

Wengi walidhani amepatikana mtetezi. Wapi. Mwenye mkono alikuwa Ambilikile, mdogo wa marehemu mume wa Gwantwa, mwanaume anayevaa koti hata kwenye joto ili watu wajue ana koti.

"Zungumza, mzee," alisema Idrisa.

"Nazungumza kwa uchungu," Ambilikile alianza, na uchungu wenyewe hukuuona popote usoni pake. "Marehemu Andongwisye ni kaka yangu wa tumbo moja. Huyu ni mjane wake, ni shemeji yangu. Lakini haki ni haki. Shemeji ana makochi. Ana runinga. Na siku mwezeshaji alipomtembelea, alimchinjia kuku. Mimi nauliza, maskini gani anachinja kuku siku ya Jumanne?"

Watu wakacheka. Wengine walicheka huku wanatazama chini, maana nao majina yao yalikuwa hayajasomwa.

Gwantwa hakucheka. Alikuwa anahesabu vitu viwili kichwani. Cha kwanza ni ruzuku, ile inayowaweka shuleni wajukuu zake wawili. Cha pili ni bati na saruji. Mvua za mwezi wa tatu ziliangusha ukuta wa nyuma wa nyumba yake, na sasa mfadhili ameleta msaada wa ujenzi, lakini kwa kaya zilizomo kwenye orodha tu. Jina likitoka, vyote viwili vimetoka. Na mvua za Novemba zilikuwa zinabisha hodi.

"Makochi si yangu," alisema.

"Sema kwa sauti, mama, watu hawasikii," alisema Idrisa.

"Makochi si yangu. Niliazima. Na runinga niliazima. Kuku nilikopeshwa na jirani, na mpaka leo sijamrudishia."

Hapo hata waliokuwa wanasinzia waliamka.

Idrisa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mama, uliazima ili unidanganye?"

"Niliazima ili nikupokee."

"Nipokee nini? Mimi nilikuja kazini."

"Ulikuja nyumbani kwangu," alisema Gwantwa. "Mgeni wa serikali anafika kwangu mara ya kwanza, nimkalishe kwenye kigoda chenye ufa? Nimpe maji matupu? Kwetu Ileje ningechekwa mpaka kaburini."

Haya, wasomaji wangu, mnaona mwanamke huyu alivyojimaliza. Mtu anakuja kupima umaskini wako, wewe unauficha chini ya vitambaa vya makochi. Kuna watu wa mjini watasema ni ujinga. Mimi nawaambia, nendeni mkapite nyumba kwa nyumba huko Mbozi na Ileje mkiwa na fomu mkononi, mtakula kuku mpaka mchoke, na kila kaya mtaiandika tajiri.

"Mimi naandika ninachokiona," alisema Idrisa. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye minofu ya kuku yule imeanza kumkaba upya. "Niliona makochi. Nikaandika makochi."

"Na umeme uliuona?"

Sauti hiyo ilitoka pembeni, chini ya kibaraza cha duka. Alikuwa Zaitun, muuza vitenge wa Tunduma, aliyepanga nyumba ya jirani na Gwantwa. Zaitun amezoea wateja wa upande wa Zambia kiasi kwamba kila mwanamke mtu mzima humwita bamayo, na bei zake huzitaja kwa kwacha hata akiwa Mlowo.

"Nakuuliza wewe mwenye miwani. Uliona runinga. Uliona umeme? Nyumba ya bamayo haina waya hata mmoja. Runinga ile ni yangu na makochi ni yangu, nilimbebea mwenyewe kwa toroli. Uliitazama saa nzima imezimwa, hukujiuliza?"

Safari hii kicheko kilimwangukia Idrisa. Aliinamisha kichwa kwenye makaratasi yake.

Ambilikile hakumpa nafasi ya kuona aibu. "Mwezeshaji, huyu si mwanakijiji. Ni mpangaji. Mkutano huu ni wa wakazi. Leo yuko hapa, kesho yuko Nakonde anauza vitambaa. Ana haki gani ya kusimama?"

"Sijasimama, mzee, nimeketi," alisema Zaitun. "Na wewe mwenye haki ya kusimama, mara ya mwisho kumpelekea shemeji yako hata debe la mahindi ilikuwa lini?"

"Mwanamke, chunga mdomo."

"Nauchunga sana. Ungekuwa haujachungwa ungeshajua."

Idrisa alipiga meza kwa kiganja. "Basi. Orodha inapelekwa wilayani Vwawa leo. Saa kumi kamili naifunga, na ikishafungwa hairudi tena hapa mpaka uhakiki mwingine. Mama, una ushahidi wowote mbali na jirani yako?"

Gwantwa alikuwa nao ushahidi. Ulikuwa nyuma ya pazia. Siku ile alipompokea Idrisa alitundika shuka nzuri mlangoni pa chumba cha nyuma ili mgeni asione kilichomo, na sasa kitu alichokificha kwa aibu ndicho pekee kingeweza kumwokoa. Aliona uso unamwaka. Kukiri kwamba uliazima makochi ni jambo moja. Kuwapeleka watu wote hawa wakatazame unapolala ni jambo jingine kabisa, na aliwachukia kwa kumlazimisha, kila mmoja wao.

"Twendeni nyumbani kwangu," alisema.

Waliandamana. Si Idrisa peke yake, mkutano mzima ulinyanyuka, wapo waliokwenda kwa huruma na wapo waliokwenda kufaidi. Nyumba ya Gwantwa iko kando ya barabara kuu, mahali ambapo malori yanayokwenda mpakani hupunguza mwendo. Kiwanja kama hicho, siku hizi, watu wanakiota. Ambilikile alitembea mbele kabisa, na mkono wake mmoja haukutoka ndani ya koti.

Sebuleni hapakuwa na kochi wala runinga. Palikuwa na mkeka, ndoo mbili, na kigoda chenye ufa. Idrisa alikitazama kigoda kwa muda.

Gwantwa alikwenda moja kwa moja kwenye shuka ile, akaivuta, ikatoka na msumari wake.

Chumba cha nyuma kilikuwa na kuta tatu. Ukuta wa nne ulikuwa lundo la matofali mabichi yaliyoyeyuka, na mahali pake palifungwa turubai la kufunikia mizigo ya lori. Chini yake kulikuwa na godoro moja na madaftari ya shule yaliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni yasilowe. Upepo uliingia, turubai likatuna, likarudi.

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja aliyekuwa anacheka sana kule mkutanoni alirudi nje.

"Mbona hukunionyesha siku ile?" Idrisa aliuliza, taratibu.

"Ulikuwa unakula," alisema Gwantwa.

Idrisa aliketi juu ya kile kigoda, akaweka fomu kwenye goti, akachomoa kalamu. Zaitun alishika mikono yake kifuani. Gwantwa aliona herufi ya kwanza ya jina lake inaandikwa upya, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi pumzi ilimshuka. Alifurahi. Nalisema wazi kwa sababu furaha yenyewe haikudumu hata dakika.

"Kabla hujaandika, kijana," alisema Ambilikile.

Mkono ulitoka ndani ya koti. Ulikuwa umeshika karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Bati na saruji anapewa mwenye nyumba. Si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Basi soma hapo. Nyumba hii na kiwanja chake ni mali yangu. Shemeji aliniuzia mwenyewe mwaka juzi. Nimemwacha akae kwa huruma tu, kwa heshima ya kaka yangu."

Gwantwa alisikia maneno lakini hayakumwingia. Zaitun ndiye aliyeuliza kwa niaba yake. "Akuuzie wewe?"

Idrisa alisoma kimya, mara mbili. Kisha akasoma kwa sauti. Mkataba wa mauziano ya nyumba na kiwanja, kati ya Gwantwa mjane wa Andongwisye na Ambilikile, mwezi wa pili, mwaka juzi. Siku tano baada ya mazishi. Mwisho wa karatasi palikuwa na dole gumba la muuzaji, la wino wa zambarau, limekaa vizuri kabisa.

"Mama, unaijua karatasi hii?"

"Sijawahi kuiona."

"Atasema hivyo hivyo," alisema Ambilikile. "Pesa alikula."

Idrisa alikunja uso. Jambo lilikuwa limevuka uwezo wake, na hakulificha. "Nisikilize, mama. Una njia mbili na nina nusu saa. Kama unakubali kwamba nyumba uliuza, mimi nakuandika sasa hivi kuwa ni kaya isiyo na makazi. Ruzuku yako inarudi leo hii. Ila bati hupati, maana huna nyumba ya kuezeka. Kama unakataa, hapo kuna mgogoro wa ardhi. Sina ruhusa ya kuandika kaya yenye mgogoro. Utakwenda baraza la ardhi, na jina lako litabaki nje mpaka waamue."

"Wanaamua baada ya muda gani?"

"Nimeona za miaka mitatu."

Ambilikile alimsogelea shemeji yake, akashusha sauti kana kwamba anampenda. "Kubali tu, shemeji. Upate vihela vyako vya kila mara, watoto wasome. Nyumba yenyewe imeshaanguka. Mimi nitakupa kibanda kule shambani. Unabishana na nini?"

Hapo ndipo Gwantwa alipomwelewa. Hakuwa amekwenda mkutanoni kumnyima ruzuku. Alitaka yeye Gwantwa afukarishwe kwanza, apigwe na njaa, halafu achague mwenyewe kuikana nyumba yake mbele ya mashahidi. Kijiji kizima kingekuwa shahidi, na mwezeshaji wa wilaya angeliandika kwa mkono wake.

"Nipe niione," alisema.

Aliishika karatasi, akaitazama kuanzia juu mpaka chini. Alipofika kwenye lile dole la zambarau alikaa hapo. Kisha akamgeukia Idrisa.

"Mwanangu, kwenye mkoba wako una fomu zetu za malipo?"

"Za miaka yote miwili."

"Tafuta jina langu. Uwaonyeshe hawa nilipokuwa napokea ruzuku niliweka nini."

Idrisa alipekua. Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tano. Alisimama.

"Ni saini," alisema. "Zote ni saini. Gwantwa, kwa mkono. Mwandiko mmoja."

"Mimi nimesoma darasa la saba Ileje," alisema Gwantwa, akimtazama Ambilikile machoni. "Nilikuwa wa tatu kati ya arobaini na moja. Mliponioa hamkuniuliza. Kahawa ilipouzwa alisaini mume wangu, vikao vya ukoo mliandika ninyi wanaume, na mimi nikanyamaza kwa adabu. Mama yenu aliweka dole, dada yenu anaweka dole, mkadhani kila mwanamke anayeingia kwenye ukoo wenu ni wa dole. Ambilikile, mimi sijaweka dole kwenye karatasi hata siku moja."

Zaitun alipiga vigelegele mara moja, kisha akaziba mdomo mwenyewe.

Koti la Ambilikile lilianza kumbana. Hebu fikirieni. Miaka thelathini na mbili mwanamke yupo kwenye ukoo wenu, anawapikia, anawauguza, anawazikia, na hakuna hata mmoja aliyewahi kujua kama anaandika.

"Hilo halithibitishi kitu," alisema Ambilikile. "Anayejua kuandika anaweza pia kuweka dole."

"Anaweza," alisema Idrisa. Alikuwa ameshatoa kwenye mkoba kibati cha wino. "Ndiyo maana tutalinganisha. Mama, naomba kidole."

Gwantwa alichovya, akagandamiza kwenye karatasi nyeupe. Idrisa akaziweka mbili sambamba mwangani. Lile la mkataba lilikuwa na kovu lililokata katikati, mstari mweupe kutoka kona hadi kona. La Gwantwa lilikuwa zima.

"Si lake," alisema Idrisa. "Sasa ni la nani?"

Lori lilipita nje, likatetemesha mabati machache yaliyobaki. Watu walianza kutazamana vidole, na kila aliyetazamwa alivifungua viganja haraka aonekane msafi.

Mtu mmoja tu hakuvifungua. Alikuwa amesimama karibu na mlango, mkono wa kulia ameuviringisha ndani ya khanga. Teresia, dada yake Ambilikile, wifi yake Gwantwa. Yule yule aliyelala naye mkeka mmoja siku zote za matanga, akamnywesha uji kwa kijiko aliposhindwa kula.

Kovu lile kila mtu alilijua. Teresia alijikata kwa panga msimu wa kupogoa kahawa, miaka mingi iliyopita.

"Wifi," alisema Gwantwa.

"Teresia, toka nje," alisema Ambilikile.

"Asitoke," alisema Idrisa. Alitazama saa yake. Ilikuwa kumi kasoro dakika sita. "Mama Teresia, njoo hapa. Kama karatasi hii ni ya kughushi, hakuna mgogoro. Mama Gwantwa namwandika sasa hivi, ruzuku na bati. Nakuhitaji useme neno moja tu. Dole hili ni lako?"

Teresia alisogea. Alimtazama kaka yake, ambaye ndiye anayemlisha tangu ndoa yake ilipovunjika. Akamtazama Gwantwa. Aliufungua mkono kutoka kwenye khanga, akauweka wazi juu ya fomu, kovu likaonekana.

"Ni langu," alisema.

Zaitun alimkumbatia Gwantwa begani. Idrisa aliinamia fomu, kalamu ikagusa karatasi.

"Ni langu," Teresia alirudia, na sasa hakuwa anamtazama mtu yeyote. "Lakini sikuiba. Aliyeniomba niliweke ni Gwantwa mwenyewe. Alikuwa mkekani, ndani ya matanga. Mjane hatoki kwenda kwa wanaume. Akaniambia, wifi, nenda ukaniwekee. Aape kama si kweli."

Kalamu ya Idrisa ilisimama. Wote wakamgeukia Gwantwa, wakingoja acheke, au amtukane wifi yake, au aape kama alivyotakiwa.

Gwantwa hakuapa. Alikuwa ameikumbuka asubuhi ile. Sauti ya Ambilikile mlangoni ikisema watu wa kikundi cha kuzikana wanataka kidole cha mjane ili watoe mchango wao. Yeye mwenyewe, macho yamevimba, hana nguvu ya kunyanyua kichwa, na maneno aliyomwambia Teresia.

Yalikuwa hayo hayo, neno kwa neno.